Mguu Ufuate Wimbo

Gari limeegeshwa uani, magurudumu ya nyuma yamepungua upepo, na ndani yake amekaa mzee amefunga mkanda. Mkanda, jamani! Gari haliendi popote lakini yeye amefunga. Mikono iko kwenye usukani, redio inaimba, ni saa nne asubuhi na watu wako makazini, na yeye yuko safarini. Jirani anayeanika nguo upande wa pili wa ukuta hawezi kujizuia.

"Mwalimu, leo umefika wapi?"

"Ndiyo kwanza naingia kwenye kona, mama. Usinisemeshe, nitakupitia na kamba zako za nguo."

Jirani hucheka mpaka vibanio vinamdondoka. Na acheke, hana ubaya. Lakini mtu aliyefundisha udereva miaka ishirini na nane, akaingiza barabarani nusu ya wanaoendesha katika mji huu, kisha presha ya macho ikaanza kumla kidogo kidogo toka pembeni mpaka akabakiwa na tundu dogo katikati lenye ukungu, mtu huyo utamwambia nini? Atoke akae kwenye kiti cha plastiki barazani kama wastaafu wengine, ahesabu nzi? Hapana. Alikuwa na gari, alikuwa na redio, na alijua siri moja ambayo madereva wengi wanaijua bila kujua kwamba wanaijua.

Siri yenyewe ni hii. Kuna nyimbo zinazotembea na kuna nyimbo zilizokaa. Uliokaa unaweza kuupenda mpaka machozi yakutoke, lakini ukiwa barabarani haukusogezi hata hatua moja. Unaotembea, weee! Gitaa likianza tu kuzunguka unahisi lami inakimbia chini ya miguu, nguzo za umeme zinakupita moja moja, na ukitazama mshale wa spidi uko palepale ulipokuwa. Kuna nyimbo nyingine ni za mteremko: ukizisikiliza kwenye tambarare, mguu unatafuta breki wenyewe. Na kuna mmoja wa zamani, wa sauti za wanawake wengi, aliokuwa akiwakataza wanafunzi wake wasiuweke kwenye foleni, kwa sababu gari likisimama taa nyekundu wewe unahisi linarudi nyuma. Mwanafunzi mmoja, fundi bomba, alivuta hendibreki gari likiwa limesimama kabisa, akapiga yowe kwamba tunamgonga wa nyuma. Wa nyuma hakuwepo.

Kutokana na mambo hayo akatunga njia yake ya kufundisha, na ndiyo iliyompa jina. Walimu wenzake walifundisha kwa kelele. Yeye alifundisha kwa nyimbo. Ukiingia kwenye gari lake siku ya kwanza, umeshika usukani kama unataka kuung'oa, jasho linakutoka, alikuuliza swali moja tu: "Wimbo gani unaujua toka mwanzo mpaka mwisho?" Ukishautaja, anakwambia, "Haya, imba!" Basi unaimba huku unatoa klachi. Mtu anayeimba anapumua, na mtu anayepumua hazimi gari. Hiyo ndiyo hesabu yake yote. Kila ulipoanza kutetemeka alipiga dashibodi kwa kiganja akapaza sauti: "Imba! Mguu ufuate wimbo!" Mji mzima ukamwita Mwalimu Imba, hata mkaguzi wa leseni alimwita hivyo.

Na walifaulu, usifanye mchezo. Alimfundisha mwuza nyama mmoja mwenye mwili, aliyekuja na wimbo wa kubembelezea mtoto. Walikwenda polepole mno mpaka baiskeli zikawapita na waliozipanda wakawapa pole. Alimfundisha msichana aliyekuwa anaolewa mwezi ule, kila wimbo wake ulikuwa wa harusi, na kwenye kona ilibidi Mwalimu Imba ashikilie mlango. Alimfundisha karani wa benki ambaye hakujua wimbo wowote ule ila wa shule ya msingi, wa kuhesabu vidole, na huyo mpaka leo ukimwona anarudisha gari nyuma utaona midomo inahesabu. Wote hao walipata leseni zao.

Mke wake hakupata.

Hapo ndipo lilipo donda, na asiyelijua donda hilo atadhani mzee anakaa kwenye gari bovu kwa sababu ya uzee tu.

Mke wake ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, ile yenye kanyagio pana la chuma chini, na imekaa kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha linalotazama uani, toka wapate nyumba. Zamani hizo binti yao akiwa shule ya msingi, mama huyo alikuwa akishona huku anaimba, na sauti alikuwa nayo. Si sauti ya kuazima. Wateja walikuwa wakileta nguo isiyohitaji kushonwa ili mradi wakae kwenye benchi dakika kumi.

Basi shule mbili za upande wa pili wa mji zikamwita. Wameona kazi yake, wanataka awashonee sare, watoto wote, kila mwaka. Na karibu na shule mojawapo kulikuwa na chumba kinapangishwa, kina dirisha kubwa na mlango wa barabarani. Alikwenda kukitazama mara tatu. Alishapanga akilini meza ya kukatia itakaa wapi, cherehani ya pili itakaa wapi, na msichana wa kupiga pasi atakaa wapi. Kilichobaki ni namna ya kubeba majora ya kitambaa toka madukani na kupeleka marobota ya sare shuleni. Na nyumbani, ashukuriwe Mungu, kulikuwa na mwalimu wa udereva.

"Baba, nifundishe gari," akamwambia.

"Kesho."

Kesho hiyo iliingia mwaka wa pili. Wanafunzi walikuwa wengi, Jumapili alikuwa amechoka, mvua imenyesha, klachi imekwisha. Mtu ana sababu zake siku zote. Mwishowe shule zikasema zinataka jibu kabla ya muhula kufunguliwa, na mama wa watu akasimama mlangoni na mkoba wake mkononi, amevaa viatu vya kufunga, akasema, "Leo."

Akampeleka kwenye uwanja wa mazoezi nyuma ya chuo cha udereva alikofundisha. Walimu wenzake wanne walikuwa chini ya kibanda wanakunywa chai. Akamketisha, akamwonyesha vya kuonyesha, akamwuliza kama anavyowauliza wote, "Wimbo gani?" Akautaja ule anaoshonea. Akamwambia, "Haya, imba."

Akaimba. Vikombe kule kibandani vikatulia. Klachi akaitoa vizuri sana, gari likaondoka laini kabisa, na Mwalimu Imba akafurahi, tusimnyime haki yake, kwa sekunde tatu alifurahi. Kisha gari likaruka. Likasita. Likaruka tena, likasita, likaruka, likasita, vichwa vyao vinakwenda mbele na nyuma kama kuku anayedonoa.

"Fuata wimbo!" akamwambia.

"Naufuata!"

"Mguu ufuate wimbo, mama, mguu!"

Na kila alipomwambia hivyo ndivyo gari lilivyozidi kurukaruka. Kule kibandani wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Mmoja akapaza sauti, "Imba, leo umeleta gari au umeleta mbuzi?" Wote wakaangua kicheko. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Yeye, Mwalimu Imba, ambaye hata mwuza nyama aliweza, mkewe anamfanya kichekesho mbele ya wenzake! Akakanyaga breki ya upande wake, akavuta hendibreki, akafungua kioo ili wasikie vizuri kwamba hayuko upande wa mbuzi, akasema:

"Kuna watu wa usukani na kuna watu wa cherehani. Shuka, mama, rudi kwa cherehani yako."

Akashuka. Akafunga mlango taratibu, akauweka mkoba begani, akauvuka uwanja mzima kwa miguu mbele ya wale wanne, kisha akakamata barabara ya nyumbani. Ni mwendo wa saa nzima. Mwalimu Imba hakumfuata. Mwanafunzi wa saa tisa alikuwa amefika.

Shule zikapata fundi mwingine, mwenye gari lake. Chumba chenye dirisha kubwa kikapangwa na wauza simu. Mama akaendelea kufupisha suruali na kubadilisha zipu palepale chumba cha mbele, miaka ishirini na mbili sasa, na jambo hilo halikutajwa tena, wala kwa ugomvi wala kwa mzaha. Mwalimu Imba alidhani limepita. Wanaume tuna kipaji cha kudhani hivyo.

Macho yalipomtoa kazini, chuo kikamwachia lile gari la mafunzo, kwa kuwa lilikuwa kuukuu kama yeye. Akaanza kushinda nyumbani kwa mara ya kwanza maishani, na baada ya wiki mbili akagundua kitu kilichomkosesha raha. Nyumba ilikuwa kimya. Cherehani inasikika, mkasi unasikika, sauti hakuna. Akamwuliza jirani, "Hivi mke wangu huwa haimbi siku hizi?"

Jirani akamtazama. "Mwalimu, mimi nimehamia hapa mwaka wa kumi na tisa huu. Sijawahi kumsikia."

Usiku wala mchana neno hilo halikumtoka. Alijaribu kujidanganya, akashindwa. Akaamua: kabla tundu lile dogo la macho halijaziba, atamfundisha. Atafuta alichokisema uwanjani. Si kwa ajili ya gari tu. Alitaka kuisikia sauti ile, na alitaka aisikie ikiwa mbele ya usukani.

Sasa binti yao, ambaye ni nesi mji wa mbali, naye alikuwa na mipango yake. Alipiga simu akasema, "Baba, gari hilo liuzeni. Wewe huoni, mama haendeshi, la nini?" Na mtoto wa siku hizi akisema ameshafanya: mnunuzi atakuja Jumamosi.

Jumatatu Mwalimu Imba akamwendea mkewe kwenye cherehani. "Mama, gari linaondoka Jumamosi. Nataka nikufundishe."

Mguu haukusimama. "Unifundishe nini, baba?"

"Gari. Na mnunuzi tutamwambia asije."

"Unanifundisha na huoni?"

"Nitasikiliza injini. Injini inasema kila kitu."

"Chai yako inapoa," akasema mkewe.

Jumanne akamwambia tena, akajibiwa kuna suruali nne zinasubiriwa. Jumatano akamwambia, cherehani ikazidi mbio. Alhamisi asubuhi akaenda kukaa kwenye gari, akafunga mkanda, akawasha redio, moyo mzito kama gunia. Ukapigwa wimbo mmoja unaotembea, wa gitaa la kuzunguka, na taratibu uani pakaanza kuondoka. Ukuta ukamteleza. Upepo wa dirishani akauhisi shavuni. Akawa yuko kwenye barabara ndefu iliyonyooka, hana hili wala lile, mpaka masikio yakamnasia kitu nyuma ya ule wimbo.

Cherehani.

Ilikuwa inakwenda pamoja na wimbo. Kila pigo la ngoma, kanyagio linashuka. Kila pigo, linashuka. Wimbo ukaisha ukaja wa polepole, na cherehani nayo ikapoa, ikawa polepole. Mwalimu Imba akakaa sawa. Akageuza stesheni, akapata muziki wa haraka wa vijana, na mle chumbani sindano ikatoka mbio kama inafukuzwa. Akazima redio. Cherehani ikasita, ikatafuta, ikaanza tena kivyakevyake. Akawasha, ikarudi kwenye mdundo. Akarudia mara tatu.

"Mwalimu, redio imeharibika?" jirani akauliza kutoka ukutani.

Mguu wake wa kulia, bila kuambiwa, ulikuwa juu ya kanyagio la mafuta, na sasa akaufanya kama alivyosikia: pigo, kanyaga, achia, pigo, kanyaga, achia. Injini ilikuwa imezimwa lakini yeye alilihisi gari lote. Likaruka, likasita. Likaruka, likasita.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Mungu wangu wee!"

Karani wa benki aliposikia "mguu ufuate wimbo", mguu wake haukuwa na kazi yoyote duniani zaidi ya kutembea, kwa hiyo ukatulia juu ya mafuta, wimbo ukabaki kwenye pumzi, gari likaenda. Ndivyo alivyokusudia mwalimu, ingawa sivyo alivyosema. Lakini mguu wa mke wake ulikuwa na kazi. Ulikuwa umekanyaga chuma kwa kufuata nyimbo toka usichana wake, asubuhi mpaka jioni. Ukiuambia mguu huo ufuate wimbo, utaufuata, pigo kwa pigo. Katika mamia ya watu aliowafundisha, mmoja tu ndiye aliyemtii neno kwa neno. Akamwambia shuka.

Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Tuliza mguu, mama, uimbe kwa mdomo tu. Basi. Kwa sentensi hiyo angekuwa na chumba chenye dirisha kubwa, na meza ya kukatia, na msichana wa kupiga pasi. Mwalimu mwenye akili angeiona ndani ya dakika mbili. Yeye alikuwa anawaangalia watu wa kibandani.

Akajaribu kutoka haraka, mkanda ukamrudisha kwenye kiti. Akaufungua, akashika ukuta, akaupapasa mpaka mlangoni, akaingia chumba cha mbele akasimama karibu na cherehani, hana pumzi.

"Mama. Hukukosea."

Cherehani ikaendelea kidogo, ikasimama. "Nini tena?"

"Siku ile uwanjani. Hukukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyekosea. Ni mguu wa cherehani! Nilikwambia ufuate wimbo, na wewe ukaufuata. Ulinitii, mama, mimi nikakufukuza kwenye gari mbele za watu." Akamtafuta bega kwa mkono. "Nisamehe. Nimechelewa, najua nimechelewa, lakini nisamehe. Bado tuna leo na kesho. Nitakwambia tuliza mguu, neno hilo tu, na utaendesha."

Alimsikia akiuma uzi kwa meno. Alimsikia akikunja suruali na kuiweka pembeni.

"Baba," akasema, "yule mtu wa Jumamosi mwache aje. Sitaki gari."

"Una hasira, na ni haki yako."

"Sina hasira. Hasira ningekwambia. Nilitaka sana, nikataka mpaka nikachoka kutaka. Sasa hata ukinipa jipya na dereva wake, nitapanda tu kwenda kliniki na wewe." Akaokota vipande vya uzi mapajani. "Na hilo la mguu nilikuwa nalijua."

"Unalijua?"

"Siku ileile. Nilifika hapa miguu inauma, nikakaa kwenye kiti hiki nipumzike. Nikakanyaga mara mbili tatu nikiwa na mawazo yangu, nikaona. Nikacheka peke yangu, baba, nakwambia kweli, nilicheka mpaka mtoto akaja kuuliza mama una nini. Nikasema, akija baba yako naye ataona. Huyo ndiye mwalimu bora mjini, hili halimpiti. Atarudi ataniambia twende tena. Kwa hiyo sikuvua viatu."

Mwalimu Imba alishika ukingo wa cherehani.

"Ukaja saa kumi na mbili. Ukasema chai haina sukari. Nikasema, labda kesho. Nikavaa vile viatu wiki nzima nikiwa ndani ya nyumba, mpaka shule waliponitumia ujumbe kwamba wamepata mtu."

Sasa alikuwa analia, mtu mzima, bila kujificha. "Lakini kwa nini hukuniambia? Neno moja tu! Ungesema, mume wangu, ni mguu, ni huu mguu..."

"Mwalimu ulikuwa wewe," akasema mkewe.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku anavuta suruali nyingine kutoka kwenye kapu na kuitafutia pindo. Akaiweka chini ya sindano, akainama kuitazama, akashindwa.

"Sogea kidogo, baba. Umeniziba mwanga."

Akasogea, lakini alisogea upande uleule wa dirisha, mwanga bado ameuziba. Mkewe akangoja kidogo, kisha akainuka, akamshika mkono na kumsogeza mwenyewe mpaka kwenye benchi la wateja, akamketisha, akarudi kushona.